Macho Mapya ya Somo Asmahani

Mwera nzima, huko ng'ambo ya Pangani, ilijua kwamba Bi Asmahani haoni, isipokuwa Bi Asmahani mwenyewe. Miaka minne ukungu ulimtanda machoni polepole, na miaka minne yeye akawa analaumu vitu vingine: taa za siku hizi hafifu, wanja wa siku hizi mwepesi, na watoto wa siku hizi wana nyuso ambazo hujui zaanzia wapi wala zaishia wapi. Ubishi uliisha siku ile ya harusi ya Raskazone, alipompaka bibi harusi wanja, jicho moja likaelekea sikioni, la pili likaelekea puani. Wanawake walicheka mpaka wakashikana viuno. Tangu hapo hakuna aliyepiga hodi kwake kumwita kazini.

Na kazi yake si ya kuchezea. Bi Asmahani ni somo. Mtoto wa kike akivunja ungo, yeye ndiye hukaa naye ndani, akamfunza usafi na adabu na mambo mengine ambayo mimi sikuambiwa na wewe hutaambiwa. Siku ya harusi yake humpamba, akamshika mkono na kumtoa nje watu wamwone. Somo habadilishwi kama kanga. Aliyekufunda ndiye atakayekutoa.

Wa mwisho kumfunda kabla macho hayajafunga kabisa alikuwa Najat, binti wa Haji muuza nazi. Najat alipochumbiwa, wazee wa nyumba walikaa wakaamua mambo yao: safari hii apambwe na shangazi yake, Tausi, mwenye saluni Tanga mjini na macho ya mwewe. Walipokwenda kumwambia mwenyewe, Najat alisema, "Bila somo wangu sitoki ndani," kisha akanyamaza. Wanaomjua wanasema Najat akinyamaza ni bora ubishane na ukuta.

Ndiyo maana Sabiri, mtoto wa Bi Asmahani, akampeleka mama yake Dar es Salaam akatolewe mtoto wa jicho. Likafanywa la kushoto, likafanywa na la kulia. Daktari akasisitiza kumwona mara ya mwisho, na hiyo mara ya mwisho ikaangukia jioni ya kuamkia harusi. Basi lisingefaa tena. Sabiri akakata tiketi ya ndege ndogo ya asubuhi kwenda Tanga, akamkabidhi mama yake miwani myeusi ya jua na maneno machache: "Mama, uwanjani usibishane na mtu."

Bi Asmahani alisema sawa. Alikuwa mkweli kabisa wakati anasema.

Ubishi wa kwanza ulikuwa wa mizani. Aliambiwa mapema kwamba ndege ile haipokei mizigo mizito, naye kwa akili zake akaona mzigo ulio mwilini si mzigo. Alivaa doti za kanga za zawadi moja juu ya nyingine, akavaa na baibui juu yake, akaingia uwanjani ameumuka, anatembea kwa kuyumba. Hakujua kwamba ndege ndogo humpima abiria mwenyewe. Dada wa tiketi, Ruthi, alipomwonyesha mizani na kumwambia apande, Bi Asmahani alirudi nyuma.

"Nipimwe? Mimi? Mbele ya wanaume hawa, kama gunia la korosho?"

"Ni usalama wa ndege tu, mama yangu."

"Kama ndege yenu yaogopa mwanamke mmoja, yasafirije juu ya bahari?"

Foleni ikaanza kucheka. Ruthi alikuwa msichana mwenye subira. Alizunguka meza, akakinga kioo cha mizani kwa ubao wake wa kuandikia, akamwambia kwa sauti ya chini kwamba atasoma yeye peke yake na siri itakwenda naye kaburini. Bi Asmahani akapanda. Ruthi akasoma, akamtazama tena juu hadi chini.

"Mama, umevaa nguo ngapi?"

"Za kunisitiri," akajibu Bi Asmahani, akashuka kwa heshima zake zote.

Hapo mambo yangekwisha salama. Lakini mbele kulikuwa na mashine ya ukaguzi, na kwenye mashine alisimama kijana mrefu mwenye kibao cha jina kifuani: Luka Mihayo. Mkoba wa Bi Asmahani ulipopita ndani ya mashine, Luka alikunja uso. Mle mlikuwa na vifaa vyake vya kazi: wanja alioutwanga mwenyewe, hina, udi, chetezo cha udongo cha kufukizia, na jiwe zito la duara la kusagia liwa ya kumpaka bibi harusi, aliloachiwa na bibi yake. Kwenye kioo cha mashine, chetezo na jiwe vilipandana, vikaonekana kitu kimoja kisichoeleweka.

"Shikamoo mama. Humu ndani kuna nini?"

Bi Asmahani hakuitikia. Alikuwa anasoma kile kibao. Miaka minne hakuweza kusoma hata jina la duka, na sasa herufi zilikuwa zimekaa pale, nyeusi, safi. Alisoma jina zima, akatabasamu.

"Mihayo. Wewe Mnyamwezi?"

"Ndiyo mama, wa Tabora."

Sasa msomaji, kama hujui, Wazigua na Wanyamwezi ni watani tangu enzi za misafara, babu zao walipokuwa wakipita pwani na mizigo begani. Mtani ana ruhusa ya kukutukana ukiwa na msiba, kula chakula chako bila kukaribishwa, na kukunyang'anya kofia barabarani, nawe ukikasirika wewe ndiye mshamba. Bi Asmahani ni Mzigua wa kuzaliwa. Kukutana na Mnyamwezi asimtanie ni sawa na kupita msibani bila kutoa pole.

"Ahaa," akasema. "Basi humo mna fuvu la babu yako. Alipita kwetu na pembe za ndovu, akatuibia mihogo, tukammaliza. Nimekuletea ukazike."

Luka angeweza kucheka kidogo akafungua mkoba, yakaisha. Lakini tangu ahamie Dar es Salaam hakuwa ametaniwa na mtu mzima kiasi hicho, na damu ikamchemka kwa furaha. Akaukumbatia mkoba.

"Kumbe ni ninyi! Babu tumemtafuta miaka yote! Mama huyu haendi popote, ameua! Mzigo nauteka!"

Alisema kwa sauti. Msimamizi wa zamu, mama mmoja mnyoofu aitwaye Anastazia, alikuwa hatua chache nyuma yake. Yeye alisikia maneno matatu tu: fuvu, ameua, nauteka. Akabonyeza kitu, mkanda wa mashine ukasimama, na foleni nzima ikaambiwa irudi nyuma.

Watani wawili wakakalishwa benchi moja ofisini, bado wakirushiana babu na mihogo.

"Mnafahamiana?" Anastazia akauliza.

"Hatujaonana maishani," akasema Luka.

"Sasa mbona anamwita babu yako mwizi wa mihogo?"

"Ni mtani wangu."

"Na wewe mama, mbona unamtukana mtumishi aliye kazini?"

"Sijamtukana, mwanangu. Nimemsalimia."

Anastazia akashika kichwa. Kila alipokaribia kusamehe, mmoja wao alijisahau. Akamwuliza Luka kama anaomba radhi. Luka akasema anaomba, ingawa kwa kweli wangeanza kuomba Wazigua. Bi Asmahani akaitikia kwamba Mnyamwezi kuomba radhi ni dalili ya njaa. Nje, ndege ilikuwa inaitwa. Bi Asmahani akasikia neno Tanga akaacha utani, kwa sababu Tanga ilikuwa Najat, na Najat alikuwa amekaa ndani huko Mwera akisema hatoki.

Hukumu ya Anastazia ilikuwa ya haki, nasema hivyo ingawa ilinikera. Mama aende, lakini mkoba ubaki mpaka mtu wa zamu nyingine auchunguze kitu kwa kitu. Au mama abaki na mkoba wake waondoke pamoja baadaye. Achague.

Bi Asmahani alisimama pale mlangoni, panga la ndege limeshaanza kuzunguka, akautazama ule mkoba mezani. Bila mkoba ule angempamba mtu kwa kitu gani? Angefika mikono mitupu mbele ya Tausi na brashi zake. Akaugusa mara moja, akamwambia Luka, "Jiwe hilo likipata ufa, nitakuja Tabora mwenyewe," akaondoka mbio kadiri kanga zilivyomruhusu.

Ndani ya ndege wakamkalisha mbele karibu na rubani, ili ndege ikae sawa. Rubani akamsihi asiguse kitu. Akamjibu kwamba amekuja kuona, si kugusa. Na kweli aliona. Mawimbi, kivuli cha ndege juu ya maji, hata nyuzi zilizolegea kwenye kola ya rubani, ambazo alimwonya ashonewe. Alikuwa na raha kama mtoto, na kila raha ilipomfika kooni aliukumbuka mkoba.

Uwanjani Tanga, Fanueli alikuwa akimngoja na kigari chake cheupe. Fanueli ni Msambaa aliyezaliwa kwenye shamba la mkonge, baba yake akiwa mkata mkonge, na ndiye aliyekuwa akimwendesha Bi Asmahani harusi kwa harusi.

"Shikamoo mama. Karibu. Tumechelewa, twende."

Bi Asmahani hakusogea. Alivua miwani myeusi, akamsogelea usoni.

"Fanueli! Una mvi!"

"Ninazo siku nyingi, mama."

"Na hukuniambia!"

"Ningeanzaje?"

Wakaondoka. Njia ya Pangani siku hizi ni ya lami kwa sehemu kubwa, na kama si abiria yule, Fanueli angeipita kwa mpigo mmoja. Lakini walipofika Tongoni simu ya kwanza ikalia. Ilikuwa Tausi.

"Dada, uko wapi?"

"N'shaingia Pangani, mwanangu," akasema Bi Asmahani, huku magofu ya Tongoni yakiwa dirishani na Pangani bado mbali. Fanueli, ambaye ni Mlutheri wa kuhudhuria kila Jumapili, akakohoa.

"Basi usijisumbue kukimbia. Wanaume wanakwenda msikitini adhuhuri hii. Bibi harusi nimeanza kumpamba mimi."

Simu ikakatika. Bi Asmahani akavuta mdomo. Kisha, badala ya kusema ongeza mwendo, akasema, "Simama kidogo."

Fanueli akasimama. Ilikuwa mkonge tu, mistari yake ikienda mpaka macho yakachoka, na mingine imetoa milingoti ya maua. Bi Asmahani akaitazama, akasema hakukumbuka kama ina rangi ile, kijani yenye unga juu yake. Wakaendelea. Mbele kidogo, "Simama kidogo," safari hii kwa ajili ya mabwawa ya chumvi yaliyokuwa yakimeta. Walipofika Kigombe akasimamisha gari kutazama vichanja vya dagaa, wanawake wakigeuza dagaa kwa mikono, wanang'aa fedha tupu, na nyuma yao bahari ya buluu iliyochanganyika na kijani, imetulia mpaka kwenye miamba. Akashuka kabisa. Akauliza bei ya dagaa bila nia ya kununua. Akamsifu mwanamke mmoja kwa kanga yake, akamsomea jina la kanga kwa sauti, neno kwa neno, mpaka yule mwanamke akadhani anasemwa.

Aliporudi garini, simu ya Fanueli iliita. Sabiri alikuwa amempa namba hiyo dada wa tiketi kwa dharura, na sasa ilikuwa mikononi mwa Luka. Fanueli akampa mama simu.

"Mtani! Fuvu la babu limechunguzwa, wamesema ni jiwe. Nimelia sana. Mkoba unakuja na ndege ya jioni, nimeufunga mwenyewe. Ila kuukomboa ni sahani ya pilau, na nyama usinibanie."

Bi Asmahani akacheka mpaka machozi yakamtoka, akayafuta kwa pembe ya kanga taratibu kama alivyoagizwa na daktari. Lakini kicheko kilipoisha hakusema twende. Ndege ya jioni ingefika harusi imekwisha.

Walipokaribia Boza, minazi imeinamia njia na bahari ikitokea na kupotea katikati yake, akasema tena, "Simama kidogo." Fanueli safari hii hakusimama.

"Mama, niseme?"

"Sema."

"Hii bahari haiondoki. Wewe wajichelewesha makusudi."

Bi Asmahani aliwaka. Akamwambia yeye si mke wake, akamwambia asimfundishe, akamwambia na mvi zake zile. Fanueli akaendelea kuendesha. Baada ya kitambo sauti ya Bi Asmahani ikashuka yenyewe.

"Naogopa, Fanueli. Nisipofika, watasema somo alikwama njiani, maskini, si kosa lake. Nikifika sina wanja, sina udi, na Tausi ameshamaliza, watasema nini? Watasema mimi ni wa nini sasa?"

"Najat amesema nini?"

"Amesema hatoki."

"Basi," akasema Fanueli, akakanyaga mafuta.

Pangani walikuta kivuko kiko ng'ambo ya pili ya mto, Bweni, kinapakia magari bila wasiwasi wowote. Simu ya Bi Asmahani ikalia: Haji, baba wa bibi harusi, sauti imepasuka. Ndoa imeshafungwa, bwana harusi amesharudi kutoka msikitini, wageni wamekaa kwenye majamvi, pilau iko tayari, na Najat amekaa kitandani kama aliyepigiliwa misumari.

"Bi Asmahani, tafadhali, uko wapi?"

"Pangani," akasema. Ilikuwa mara ya kwanza siku hiyo kusema kweli kuhusu alipo, na Haji hakumwamini.

Kivuko kikaja, kikavuka. Kutoka Bweni hadi Mwera hakuomba kusimama hata pale bahari ilipojifungua yote upande wa kushoto. Alikaa mbele kabisa ya kiti, mkono mmoja umeshika mlango, anavua kanga za zawadi moja moja na kuzikunja mapajani, kwa sababu joto lilikuwa limemshinda na hakutaka kuingia kwa watu ameumuka.

Nyumba ya Haji ilikuwa imejaa. Wanawake kwenye majamvi wakampisha njia, wengine wakinong'onezana, na Bi Asmahani, kwa bahati mbaya ya macho mapya, aliona kila mdomo. Akapita na kanga zake mkononi. Akasukuma pazia la chumba cha ndani.

Tausi alikuwa amesimama katikati ya chumba, brashi mkononi, amejiandaa kwa vita. Najat alikuwa ameketi kitandani. Bi Asmahani akasogea mpaka akaweza kuhesabu kope. Alitafuta kosa. Wallahi, alilitafuta kwa moyo wake wote. Akatazama wanja: umekaa sawasawa, jicho na jicho. Akatazama hina miguuni, maua yake madogo mpaka kwenye kifundo. Akatazama mdomo, nyusi, ushungi. Hakuna pa kushika.

Mgala muue na haki yake mpe.

"Tausi," akasema, na ilimuuma kusema, "kazi hii mimi nisingeifikia. Hata enzi zangu."

Tausi akaweka brashi chini. "Nimefanya nilichoweza, dada," akasema kwa upole ambao sijamsikia nao kabla wala baada. "Lakini hatoki. Tumembembeleza, baba yake amelia. Anakungoja wewe."

Akatoka, akawatoa na wengine wote.

Bi Asmahani akaketi kitandani. Hapo ndipo alipomtazama Najat mwenyewe. Sura aliyokuwa nayo moyoni miaka yote ile ilikuwa ya kitoto, mashavu mazito, kidevu cha mviringo, kwa sababu ndiyo ya mwisho aliyoiona vizuri. Aliyekuwa mbele yake alikuwa mwanamke. Uso umerefuka, macho yametulia, na pembeni ya mdomo kulikuwa na mkunjo wa mtu aliyekwisha kuyafikiria mambo.

"We mtoto, umekua lini?"

"Ulipokuwa huoni, somo."

"Mkoba wangu umebaki Dar es Salaam. Sina hata chembe ya udi ya kukufukiza."

"Sikungoja udi."

Walizungumza. Nje sauti za watu zilipanda zikashuka, pilau ikapoa na kupashwa moto tena, na hakuna aliyethubutu kugusa pazia. Waliyosemezana ni yao. Ninachojua ni kwamba mara moja Najat alisikika akilia na mara moja akicheka sana, na kwamba kicheko kilikuja mwisho.

Kisha wakasimama. Bi Asmahani akanyoosha ushungi usiohitaji kunyooshwa, akatoa mkono. Najat akaushika kwa namna aliyozoea, juu kidogo ya kiwiko, kwa sababu miaka ile yote ya ukungu yeye ndiye aliyempeleka somo wake sokoni na kisimani na kwenye nyumba za misiba, akimwambia hapa pana jiwe, hapa pana dimbwi, inama. Walipofika mlangoni, vigelegele vikianza upande wa pili wa pazia, akamnong'oneza bila hata kufikiri.

"Kizingiti, somo."

"Nakiona, mwanangu," akasema Bi Asmahani, akatangulia yeye.